Bahari na Saa Zake: Kuoga na Kucheza Majini kwa Usalama Kisiwani Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, lakini fuo zake za mchanga ni chache. Mashariki na kusini, kuanzia Mji wa Kale hadi Mama Ngina, nchi kavu inakatika kwa majabali ya matumbawe yaliyoliwa na mawimbi. Kaskazini kuna mikoko na matope ya ghuba ya Tudor, na magharibi kuna magati ya bandari ya Kilindini. Mbaraki iko pembe ya kusini-magharibi, pale kijito chake kinapoingia katika mlango wa Kilindini, karibu na mnara wa kale wa mawe ya matumbawe uliosimama tangu mwanzoni mwa karne ya 18. Wakazi wa hapo huiona bahari kila siku, ila bahari ya kuchezea hawana karibu. Wakitaka mchanga huvuka feri kwenda Shelly Beach upande wa Likoni, hupita daraja la Nyali kwenda Nyali na Bamburi, au hufunga safari ya Tiwi na Diani.

Kwa hiyo mtu wa kisiwani hukutana na bahari nne zilizo tofauti: maji ya mlango, maji ya ghuba, maji ya ndani ya mwamba na maji ya nje ya mwamba. Aliyezoea moja huenda asiijue nyingine hata kidogo, na mazoea ya mahali pamoja yakipelekwa mahali pengine yameua watu wengi waliojua kuogelea vizuri.

Maji ya mlango ndiyo yanayodanganya zaidi kwa macho. Kati ya Mbaraki na Likoni upana wake ni kama nusu kilomita tu, na siku isiyo na upepo yanang'aa yametulia. Lakini maji yote yanayoijaza ghuba pana ya Port Reitz kule ndani hupita katika uwazi huo huo, yakiingia mara mbili na kutoka mara mbili kwa mchana na usiku. Mkondo wake ni mkali hata pale ambapo hakuna wimbi. Kina nacho ni kikubwa: gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilipatikana kwenye kina cha mita 58, baada ya wapiga mbizi kuhangaika kwa takriban wiki mbili katika maji yasiyoonyesha mkono ulionyooshwa. Juu ya hayo zimo feri zinazokatiza bila kukoma na meli za mizigo ambazo haziwezi kusimama wala kukwepa zikishaingia mlangoni. Hapo si mahali pa kuogelea, saa yoyote, kwa mtu yeyote. Mashindano ya kuvuka kwa kuogelea, yakifanywa, yanataka idhini ya bandari, mashua za kusindikiza na saa iliyochaguliwa ambapo maji yamesimama.

Saa hiyo ya maji kusimama ndiyo msingi wa somo lote. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo. Kila siku mzunguko huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kurudi mahali pake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu ya mwezi na ya jua huvuta kwa mstari mmoja, ndipo linapokuja bamvua: maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambapo tofauti ni kama mita 1 tu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya chombo chochote kulijua hili. Bamvua huwa na nguvu kuanzia tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, au siku moja mbili baada ya hapo, na maji mafu hufika baada ya kama wiki moja. Kwa anayetaka dakika kamili, Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha majedwali ya maji ya Kilindini.

Kuna jambo la ziada ambalo wavuvi wanalijua na wageni hawalijui. Katika pwani hii bamvua lina saa zake zisizobadilika sana: maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Kutokana na hilo peke yake, mtu anaweza kuzipanga shughuli zake zote za baharini kwa kuutazama mwezi.

Mfano wa kwanza ni vijana wa Mji wa Kale na wa Mama Ngina wanaochupa baharini kutoka juu ya kuta, ngazi na majabali. Ni mchezo wa tangu na tangu, na wanaoucheza wana ustadi wa kuonewa fahari. Lakini anayechupa saa kumi alasiri siku ya bamvua, akirudi mahali pale pale saa ile ile baada ya wiki moja, hukuta maji yamepungua kwa zaidi ya mita 2. Jiwe lililokuwa mbali chini ya miguu yake sasa liko karibu. Shingo ikivunjika, mara nyingi uti wa mgongo huumia pamoja nayo, na kijana wa miaka 17 hubaki hawezi kuisogeza mikono wala miguu. Kanuni ya wachupaji wazoefu ni kushuka kwanza kwa ngazi, kupima kina kwa mwili, kuangalia magogo na vyuma vilivyoletwa na maji, kisha ndipo kupanda. Kuchupa kwa miguu ni salama kuliko kwa kichwa, na mahali ambapo chini hapaonekani, kichwa hakitangulii kamwe.

Mfano wa pili ni matembezi ya mwambani. Bamvua likipwa asubuhi, eneo kubwa kati ya ufuo na mwamba hubaki vidimbwi na mchanga, na watu huenda kwa miguu kutazama samaki na viumbe vya matumbawe. Ni moja ya furaha kubwa za pwani hii. Hatari yake imo katika namna maji yanavyorudi, kwani hayarudi kwa kasi moja. Ukiyagawa maji yote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza huleta fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Bahari iliyopwa saa nne huonekana kama haina haraka hadi saa sita, kisha kati ya saa sita na saa nane hupanda kwa zaidi ya mita moja na nusu, kimo cha mtu hadi mabegani. Tena hujaza kwanza mifereji iliyo karibu na ufuo, ikamwacha mtembezi amesimama kwenye kilima cha mchanga akiwa na maji mbele na nyuma. Mwenye busara hutoka maji yakiwa bado yanapwa, na yanapofika chini kabisa huanza safari ya kurudi. Viatu ni lazima, na tumbawe hai halikanyagwi. Matumbawe ya Kenya yalipata pigo kubwa mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, na sehemu nyingi bado hazijarudia hali ya zamani.

Mwamba wenyewe ndio unaozifanya Nyali, Bamburi na Diani ziwe mahali pazuri pa watoto, kwa kuwa mawimbi makubwa huvunjikia nje na ndani maji hubaki ya upole. Lakini ukuta huo una milango. Maji yanapopwa, yote yaliyo ndani hutafuta njia ya kutoka kupitia hapo, na muogeleaji aliye karibu huvutwa pamoja nayo. Mlango hutambulika kutoka ufuoni kwa ukanda wa maji meusi zaidi mahali ambapo mawimbi hayavunjiki. Watu wengi huuchagua kwa sababu unaonekana mtulivu, kumbe utulivu huo ni dalili ya kina na mkondo. Aliyeshikwa asipigane nao uso kwa uso, maana hakuna mkono unaoshinda mkondo kwa zaidi ya dakika chache. Hugeuka ubavu na kuogelea sambamba na ufuo mpaka atoke katika ukanda, au hulala chali akaelea, akaita na kupunga mkono mmoja, akiweka nguvu kwa ajili ya baadaye.

Pepo nazo zina zamu zake. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huja na maji ya joto na angavu, na ndio msimu mzuri wa kupiga mbizi. Kusi huanza kushika Aprili na kuendelea hadi Septemba, ikiambatana na masika mwanzoni. Bahari ya nje huchafuka, mwani hurundikana ufuoni, na wenye biashara nyingi za kupiga mbizi hufunga milango kwa muda. Kati ya kusi na kaskazi huja matlai, wakati bahari inapolegea. Mchezo wa kuteleza kwa tiara, uliopata umaarufu mkubwa Diani na Nyali, hutegemea kaskazi ya mchana na kusi ya katikati ya mwaka. Pepo hizi mbili zote huvuma zikielekea pwani au zikipita ubavuni mwake, hivyo aliyeangusha tiara mara nyingi hurudishwa upande wa ardhi. Wa kuogopwa ni umande, upepo wa alfajiri utokao bara. Huo husukuma kwenda nje, na tyubu, godoro la hewa au ubao mwepesi wenye mtoto juu yake huweza kufika mwambani kabla mzazi hajamaliza kufungasha vyakula. Chombo kilichozimika mashine nje ya mwamba nacho hakibaki kilipo, kwani mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huko nje huelekea kaskazini mwaka mzima, na husafiri kwa kasi zaidi wakati wa kusi.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Bamburi, ambao watu wengi huuita Pirates, ndiko familia za Mombasa na wageni wa bara hujaa siku za Idi, Krismasi na mwaka mpya. Waogaji wengi wa siku hizo hawajui kuogelea: huingia hadi kiunoni na hukodi tyubu. Kwao hatari kubwa si mkondo wa mlangoni. Ni shimo dogo la mchanga, wimbi la ghafla, au tyubu iliyopinduka. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama watu wanavyodhani. Kichwa huinama nyuma, mdomo huwa usawa wa maji, mikono husukuma chini, na ndani ya dakika moja hivi hutoweka katikati ya umati bila mtu wa karibu kujua. Kwa hiyo mtoto mdogo hatazamwi kwa macho kutoka kwenye mkeka. Mtu mzima huwa majini naye, kwa umbali wa kumfikia kwa mkono, na kazi hiyo hukabidhiwa mtu mmoja kwa jina, kwa sababu mtoto anayeangaliwa na wajomba sita huwa haangaliwi na yeyote. Pombe na bahari havikai pamoja, na kuoga usiku kuna shida hiyo hiyo ya kutoonekana. Kumbuka pia zile saa: siku ya bamvua, baada ya kujaa saa kumi, maji hupwa kwa nguvu zaidi kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, giza linapoingia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto wadogo ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha kinga ya vifo hivyo. Kinga yenyewe inafahamika, na ya kwanza ni kufundisha kuogelea. Hapa ndipo pwani ya Waswahili ina deni kwa watoto wake wa kike. Wavulana hujifunza wenyewe kwa kuchupa na kushindana. Wasichana wengi hukua hatua chache kutoka baharini bila kuingia ndani zaidi ya magoti, kwa kukosa mavazi ya stara na mwalimu wa kike. Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umeonyesha kwamba vikwazo hivyo vinaondoka. Wasichana hufundishwa wakiwa na vazi la kuogelea linalofunika mwili wote, na baadhi yao wamegeuka kuwa walimu wa wenzao. Wanachofundishwa kwanza ni kuelea, kutulia na kumwokoa mwenzao kwa kumrushia kitu, ujuzi ambao hauhitaji bwawa la hoteli. Hakuna sababu ya maana ya kuzuia jambo hilo kufanyika kwa wasichana wa Mji wa Kale au wa Likoni, katika maji mafu, ndani ya mwamba.

Kwa michezo ya vyombo, iwe mashua ya sakafu ya kioo, jahazi la machweo, jetiski au boti ya kuvua, jambo la kutazamwa kabla ya kulipa ni idadi ya abiria na idadi ya jaketi za kuokolea. Mombasa ilijifunza hili kwa uchungu tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipopinduka karibu na ufuo ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Walikuwa karibu mno na nchi kavu, kwa hiyo jaketi huvaliwa hata kama safari ni fupi. Jaketi liwe la kimo cha mvaaji na lifungwe kamba zote, kwani la mtu mzima humponyoka mtoto na kubaki likielea peke yake. Kukagua na kuviandikisha vyombo vidogo ni kazi ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na tangu 2018 nchi ina Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichozinduliwa Liwatoni, mwendo mfupi kutoka Mbaraki. Nahodha mwema humwambia mtu wa nchi kavu anakokwenda na saa ya kurudi, ili akichelewa aanze kutafutwa. Waendeshaji wa jetiski nao wanadaiwa adabu zaidi ya walio nayo sasa: mahali penye vichwa vya watu majini si mahali pa mashine.

Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kuna shule yake, na asiyepita shuleni hapaswi kuvaa mtungi. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ina bustani za matumbawe zinazoonekana hata kwa miwani na mrija wa kupumulia. Wenye ujuzi huenda kwenye MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili igeuke makazi ya samaki, ambayo sakafu yake iko karibu mita 30 chini. Katika kina hicho hewa ya naitrojeni huingia mwilini kwa wingi, na anayepanda haraka huipata ikichemka damuni kama viputo. Kupanda kusizidi mita 9 au 10 kwa dakika, pumzi haizuiwi, na aliyepiga mbizi mara kadhaa husubiri saa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata anayetumia mrija tu anahitaji mwenzake, na anahitaji kurudi kabla maji hayajaanza kupwa kwa nguvu.

Viumbe wenye sumu ni wachache kuliko wanavyoogopwa. Papa si tishio kwa waogaji wa ndani ya mwamba. Wanaoumiza ni wale wa chini: vidude vyeusi vyenye miiba mirefu vinavyojaa katika majani ya bahari, taa aliyejifukia mchangani, na yule samaki mwenye umbo la jiwe ambaye miiba ya mgongo wake hupenya hata soli nyembamba. Viatu vigumu na kuburuta nyayo badala ya kuzinyanyua huondoa sehemu kubwa ya ajali hizi, kwani taa akisikia mtikisiko huondoka. Jeraha la samaki wa jiwe au la taa hutumbukizwa katika maji ya moto kadiri mtu anavyovumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa maana joto huvunja nguvu ya sumu. Kisha hospitali. Mwasho wa yavuyavu huoshwa kwa maji ya bahari na nyuzi zake huondolewa bila kusuguliwa. Mchanga na maji ya bomba huzidisha. Konokono wa baharini mwenye gamba zuri lenye umbo la pia haokotwi, kwa kuwa baadhi yao huchoma sumu inayoweza kuua.

Jua la nyuzi 4 kusini mwa ikweta halihitaji maelezo marefu: kofia, kanga au shati mabegani, maji ya kunywa, na kivuli kati ya saa nne na saa tisa. Baada ya mvua kubwa, maji ya ghuba ya Tudor na ya karibu na mifereji ya mji hubeba uchafu wa nyumba, na ni vyema kukaa siku mbili tatu bila kuoga humo.

Limebaki la kumwokoa aliyezama. Mwokoaji asiye na boya huweza kuzama pamoja na anayemwokoa, kwa hiyo huanza kwa kurusha kamba, tyubu, dumu tupu lililofungwa kifuniko, au kunyoosha kasia. Aliyetolewa akiwa hajibu wala hapumui kawaida hulazwa chali mahali pagumu. Hafinywi tumbo ili atoe maji, wala hapinduliwi miguu juu, desturi ambazo bado zinaonekana fuoni na ambazo hupoteza dakika za thamani. Anayezama amekosa hewa, kwa hiyo huanzishiwa pumzi: kidevu huinuliwa, pua hubanwa, na hupulizwa mdomoni mara tano. Kisha kifua hukandamizwa katikati mara 30, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, hufuatwa na pumzi mbili, na mzunguko huo hauachwi mpaka apumue au wafike wahudumu. Mwingine awe tayari amekwenda kutafuta gari. Akizinduka, hulazwa ubavu na kufunikwa. Hata akisimama na kusema hana neno, hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumziba pumzi saa kadhaa baadaye.